Tunahesabiwa Sana, Nani Anahesabu?

Hapa Pemba wanaobisha hodi bila kujuana ni wa aina mbili: wanaotaka kura na wanaotaka data. Wa kura huja kila baada ya miaka mitano, tena na kanga mkononi. Wa data huja wakati wowote, na mkononi wana kishikwambi tu. Wanataka kujua tunalala wangapi chumba kimoja, chandarua kina matundu mangapi, choo ni cha shimo au cha kumwagia maji, na jana mchana tulikula nini. Ukisema wali na dagaa, wanauliza dagaa kiasi gani. Bwana wee, dagaa nani aliwahi kuwahesabu?

Watoto wa skuli ndio hawana pa kukimbilia. Mtoto wa kwetu anajua kikopo cha choo na kikopo cha mkojo kabla hajajua kugawanya. Utafiti wa kutokomeza kichocho ulioanza 2011, peke yake, ulichukua shehia 45 hapa na nyengine 45 Unguja. Minyoo nayo ina wataalamu wake pale Wawi, kwenye maabara ya Ivo de Carneri, tangu mwaka 2000. Sensa ya 2022 ikaja na vishikwambi vyake ikatukuta 543,441 kisiwa kizima, na mie nimo. Sidhani kama kuna nazi inayodondoka kisiwa hiki ikakosa kuandikwa mahali.

Nisije nikafahamika vibaya: takwimu nazistahi, na sababu ninayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 palifanyika hapa Pemba utafiti wa kuwapa watoto wadogo, wasiozidi miaka mitatu, madini ya chuma na foliki kila siku. Nani angepinga? Watoto wetu damu haba, chuma huongeza damu. Mwenye akili zake angesema wapewe hata mara mbili. Watoto 24,076 wakaingia kwenye hesabu, kwa bahati nasibu, huyu akapewa chuma, yule asipewe. Tarehe 19 Agosti 2003 kamati iliyokuwa ikizichungulia takwimu ikasema basi, chuma kisimame. Waliopewa walikuwa na hatari ya kufariki au kulazwa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Yaani pale ambapo kundi lisilopewa lingepata watoto 100 wa kulazwa au kuzikwa, kundi la chuma, kwa idadi ileile ya watoto, lingepata 112.

Hebu fikiri. Mama wa Micheweni angewaonaje hao kumi na wawili? Yeye ana wake mmoja, kaugua au hakuugua. Muuguzi wodini angewaonaje, na malaria wakati ule ilikuwa inajaza vitanda hata bila ya chuma? Hawaonekani kwa macho kabisa, wanaonekana kwenye jedwali tu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet, na Shirika la Afya Duniani likageuza ushauri wake kuhusu kugawa chuma kwa watoto wadogo penye malaria nyingi. Dunia nzima ikajifunza kutoka kwa watoto wetu.

Sasa nenda barza yoyote, toka Konde mpaka Mkoani, uulize nani anakijua kisa hiki. Utajibiwa habari za Simba na Yanga.

Mtoto wa ndugu yangu alinijia majuzi, uso umemchanua. "Ami, nimepata kazi ya data!" Nikamwitia kahawa. Siku hizi kila mwenye kipaza sauti anawaambia vijana kwamba riziki yote ya dunia imehamia kwenye data, nikasema alhamdulillahi, na sisi tumo. Kumbe kazi yenyewe ni kubisha hodi. Ndiye anayeuliza dagaa kiasi gani. Kutwa yumo juani na kishikwambi, mbwa wanamfukuza, mabibi wanamwambia arudi kesho, na jioni anabonyeza, data inapaa.

"Inakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa wachambuzi, ami."

"Wachambuzi wanakaa wapi?"

Akakimbilia kikombe chake.

Posho ni ya siku, mradi ni wa miezi mitatu, na ukisha unasubiri ugonjwa mwengine. Uchambuzi wenyewe, ule wenye mshahara na kiyoyozi, haukumfikia kwa sababu hisabati ilimwangusha kidato cha nne. Hayuko peke yake. Mwaka 2023, Tanzania nzima, waliofaulu somo hilo kidato cha nne walikuwa kibaba katika pishi: robo, basi. Mwalimu wake mmoja alimfundisha kwa Kiingereza na kwa bakora, na vyote viwili vilimuuma sawasawa.

Lakini mtazame huyo huyo msimu wa karafuu. Anafika shambani na mwenye shamba anayetaka kukodisha mikarafuu ingali na mzigo juu. Anazunguka chini ya mti, mikono nyuma, shingo imepinda. Anasema huu pishi ishirini, ule una majani tu, ule wa bondeni umeshaanza kuchanua, usihesabiwe. Anajumlisha shamba zima. Anatoa ujira wa wachumaji, na wao hulipwa kwa pishi. Mbichi kilo tatu hutoa kavu moja, anapiga. Anaangalia mawingu, anakata fungu la mvua, maana karafuu isiyopata jua hugeuka mpeta na daraja lake likaporomoka kituoni. Anakata gari. Anakata na za kuibiwa, ndiyo, hizo nazo zina makadirio yake. Kisha anataja bei, na mwenye shamba anaguna, kwa kuwa bei ndiyo.

Huko mijini mtu akikadiria hivyo kwa kompyuta anaitwa mwanasayansi wa data. Wa kwetu anaitwa mlanguzi.

Nikamwambia basi asome, chuo si kipo? Mwaka 2023 Wahindi wa IIT Madras walifungua tawi Bweleo, Unguja, la kwanza la vyuo vya IIT nje ya India, na shahada waliyoanza nayo ni hiyo hiyo ya sayansi ya data na akili bandia. Akaniuliza ada ninaijua. Ilipotangazwa kwa shahada ya kwanza ilikuwa dola 12,000 kwa mwaka. "Ami, dola tuseme 2,500, hiyo milioni 30. Karafuu daraja la kwanza tuseme kilo 15,000. Tani mbili kavu, sita mbichi. Kwa miaka minne ni tani 24 za kuchuma, na mikarafuu haizai vizuri kila mwaka."

Alimaliza kabla mie sijapata kalamu. Huyo ndiye wa F ya hisabati.

Atakayepata mfadhili, kheri yake, na aende mbio. Mie nina ombi dogo kwa wenye vishikwambi, wa ndani na wa nje. Hodi zenu tutazipokea, choo tutawaonesha, dagaa tutawahesabu mmoja mmoja mkitaka. Lakini mkija tena, njooni na majibu ya mara iliyopita, kwa Kiswahili, myabandike kwa sheha. Na kabla hamjapanda boti, kaeni jioni moja na vijana wa kidato cha nne wa shehia hiyo, muwaoneshe jedwali lililotoka kwenye nyumba zao na jinsi asilimia 12 inavyopatikana. Kahawa nitalipa mie.