Mlango Ulionyamaza

Ninja wa kwanza niliyefahamiana naye aliitwa Rikimaru, na nilimuua mara kumi na moja katika usiku mmoja. Sikuwa adui yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika pedi.

Ilikuwa likizo ya Desemba 2001, nyumbani kwa Bibi, Ngamiani, Tanga. Nilikuwa na miaka 15. Mtaa wa pili palikuwa na kibanda cha gemu, na mwenye kibanda alikuwa na biashara ya pembeni: akifunga saa nne usiku, PlayStation moja huikodisha hadi asubuhi kwa mtu anayemwamini. Mimi aliniamini kwa kuwa aliwahi kula ubwabwa kwa Bibi. Bibi mwenyewe hakuulizwa.

Gemu ilikuwa Tenchu: Stealth Assassins, iliyotoka mwaka 1998. Ni Japani ya karne ya 16, enzi ya mabwana wa vita, na Rikimaru na mwenzake Ayame ni watumishi wa Bwana Gohda. Kazi ya kwanza unayopewa ni kwenda kumwadhibu mfanyabiashara mwovu nyumbani kwake. Gemu za kupigana tulizozizoea zilitaka ugongegonge vitufe mpaka kidole gumba kiote sugu. Hii ilitaka subira. Kwenye kioo kuna namba: adui akisogea inapanda, na alama iliyo pembeni inakwambia kama ameshakushtukia. Unarusha kamba yenye ndoano, unapanda paani, unachutama juu ya vigae ukingoja mlinzi akupe kisogo. Mimi kungoja sikuwa nako. Nilikuwa nikiruka toka paani kama embe bivu, naangukia katikati ya watu wenye panga.

Kote mle ni usiku na giza nene. Hatua chache mbele huoni kitu. Kwa muda mrefu niliamini Japani haina jua. Baadaye sana nikaelewa kwamba mashine ile haikuwa na nguvu ya kuchora vitu vya mbali, basi watengenezaji wakaona heri giza lifiche, kama mama anayepunguza utambi wa taa ili wageni wasione kwamba nyama imekwisha mchuzini.

Lakini kilichoniponza ni walinzi. Walinzi wa Tenchu hawana kinyongo. Akuone, akufukuze, ujifiche nyuma ya ukuta, baada ya muda mfupi anarudi kwenye doria yake kana kwamba mwenzake hajalala pale chini amekufa. Tena wana njaa! Unadondosha donge la wali wenye sumu njiani, na mwanamume mzima mwenye upanga kiunoni analiona, analiokota, anakula. Nikajiambia, kama jeshi la bwana mkubwa liko hivi, Bibi peke yake na miwani yake atanishinda nini?

Kizuizi cha kwanza kilikuwa mlango wa uani. Bawaba zake zilikuwa zikilia mlio mrefu, mwembamba, wa paka aliyekanyagwa mkia taratibu. Usiku wa kwanza, Bibi alipokwisha kulala, nilichukua kibati cha mafuta yake ya nazi, yale ya nywele, nikazipaka bawaba zote tatu. Mlango ukafunguka kimya kama pazia. Nilijiona Rikimaru hasa. Nilivaa hata fulana nyeusi na kaptula nyeusi, na hapa nikiri ujinga wangu, kwa sababu ninja wa kweli, wale walioitwa shinobi, wakienda kupeleleza walijigeuza watawa, wachuuzi, wakulima. Hayo mavazi meusi yamechangiwa sana na jukwaa la michezo ya kuigiza. Ningejua ningetoka na ndoo kichwani kama mtu anayekwenda kuteka maji.

Wazo la kupita juu ya paa nililiacha mapema. Japani ni vigae. Kwa Bibi ni mabati, na bati hata kunguru akitua mtaa mzima unajua.

Usiku wa tatu umeme ulikatika mtaa mzima. Uani kulikuwa na karai, ndoo mbili, kinu, na sufuria zilizofunikwa zikingoja alfajiri, na mimi nilitazamia kurudi nimekumbatia PlayStation mikono yote miwili. Nikakumbuka kwamba ndani ya gemu ninja hubeba mchele wa rangi, anaudondosha kujiwekea alama za njia. Wa rangi sikuwa nao. Nilichota mkono mmoja wa mchele wa Bibi, nikautia mfukoni, nikawa nadondosha punje mahali salama pa kukanyaga. Ulifanya kazi vizuri ajabu: punje nyeupe, mbalamwezi, sikugusa hata mfuniko. Nilipofika chumbani nikaketi kungoja umeme. Haukurudi. Nikausukuma mzigo uvunguni, nikajilaza kidogo tu.

Sikujua kwamba mfuko wa kaptula ulikuwa umetoboka.

Alfajiri Bibi alitoka kuchukua maji ya udhu. Akausukuma mlango wa uani, nao usilie. Nilikuja kusimuliwa kwamba alisimama pale kizingitini, akaurudisha, akausukuma tena. Kisha akanusa bawaba. Alipomaliza kuswali kulikuwa kumepambazuka, kuku wake wameshafunguliwa, nao wanadonoa uani wamejipanga mstari kama wanafunzi. Mstari ukaingia mlangoni, ukafuata ujia, ukakata kona chumbani kwangu. Bibi akafuata nyuma yao.

Nilizinduliwa na jogoo. Alikuwa uvunguni, amesimama juu ya PlayStation, anawika.

Siku njema Bibi huniita "mume wangu". Asubuhi ile aliniita kwa jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia marahaba akiwa anatazama kile kijisanduku cha kijivu. Niliungama yote, hata mafuta ya nazi. Sehemu ya wali wa sumu aliniamuru niirudie.

"Mlinzi? Anaokota chakula chini na kula?"

"Ndiyo, Bibi."

"Huyo hakulelewa."

Kwa hiyo usiku niliokamatwa sikucheza hata dakika moja, na fedha ya kukodi ilikuwa imekwenda.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za kasri la Nijo, mjini Kyoto, ambalo Tokugawa Ieyasu alilijenga mwaka 1603. Sakafu za ujia wake ni za mbao, na ukikanyaga zinalia kama uguisu, ndege mdogo wa kule, kwa sababu ya vyuma na misumari inayosuguana chini ya mbao. Wapo wanaosema ziliundwa hivyo makusudi, ili mvamizi asipite kimya. Wengine wanasema hakuna cha makusudi, ni ukongwe, misumari imelegea. Wanabishana mpaka leo.

Kuhusu nyumba ya Bibi hakuna ubishi, maana siku ile niliyokamatwa nilimwuliza kwa nini miaka yote hakuzitia mafuta zile bawaba. Alikuwa amekwisha kunikabidhi kitambaa na maji ya sabuni, ananisimamia nisugue mpaka kila bawaba irudie sauti yake.

"Mara ya mwisho kutiwa mafuta," akasema, "alizitia mama yako. Alikuwa na miaka kumi na sita."

Katika nyumba ile sasa anakaa mjomba, na mlango haujabadilishwa. Mwaka jana nilikwenda kumsalimu, nikausukuma, ukalia vilevile. Mjomba ana mabinti wawili.