Sifa za Flenji

Rwanda ni nchi inayojua kusifu. Ng'ombe wa inyambo walitungiwa mashairi, kila mmoja kwa jina lake, na watungaji wake walikuwa watu wa heshima mbele ya mwami. Mashujaa walijitungia wenyewe, hawakungoja mtu. Mimi sina ng'ombe, na vita vyangu vyote nimepigana na mwenye nyumba. Ila nakaa Kagugu, hapa Kigali, ukuta kwa ukuta na karakana ya faibaglasi, na humo nimekiona kitu ambacho hakuna malenga aliyekitupia hata nusu ya ubeti: flenji ya kalibu.

Asiyeijua ajue kwamba ni ule ukingo bapa unaoizunguka kalibu, umetokeza nje kiasi cha kiganja, una matundu ya bolti na hauna nakshi yoyote. Kitu kitakachouzwa hakitoki nayo. Mteja hailipii kwa hiari yake, na akiiona huuliza kwa nini fundi amemalizia rezini pale. Kazi ikitoka, sifa zinakwenda kwa bampa linalong'aa; flenji inabaki uani, imeegemezwa ukutani, inanyeshewa mvua za Aprili. Sijapata kuisikia ikinung'unika.

Tulichukue hilo bampa, la basi dogo la Coaster. Ncha zake mbili zimejikunja kwa ndani. Ukiliunda katika kalibu ya kipande kimoja halitatoka. Itabidi uchague cha kuvunja, bampa au kalibu. Ndiyo maana kalibu hugawanywa, na pale inapogawanyika flenji mbili hutazamana zikafungwa bolti. Ni washenga: wanazikutanisha pande mbili, wanahakikisha hakuna uliopinda, na kwenye picha za harusi hawamo. Wajenzi wa boti huko pwani nao huzipasua kalibu zao kwenye mstari wa mkuku kwa sababu hiyohiyo.

Namna inavyozaliwa ndiyo iliyonifanya niache shughuli zangu nikachungulie uani. Kwanza fundi husimamisha ukuta wa muda kando ya ule mfano wa mbao na puti anaotaka kuunakili. Ukuta wenyewe ni vipande vya ubao wa melamini, au bango la plastiki lililomaliza kazi yake ya kutangaza vocha, vimegandishwa kwa gundi ya moto, kila kipande kikifuata mviringo wa bampa. Mwanya unaobaki huzibwa kwa plastisini, kisha husawazishwa kwa ukucha mpaka kona iwe kali. Hebu fikiria: baba mzima, mwenye karo za sekondari za kulipa, amepiga magoti saa nzima akikwangua udongo wa kuchezea watoto. Akimaliza huo, anatoboa vishimo kwenye ubao na kupachika gololi, nusu ndani nusu nje, ili flenji ya kwanza itoke na mabonde na ya pili itoke na vinundu vya kuingia humo. Halafu nta, na nta tena, gelikoti, mati na rezini. Upande wa kwanza ukikauka, ukuta unang'olewa, flenji inapakwa nta na upande wa pili unajengwa ukiiegemea. Matundu ya bolti hutobolewa flenji zote mbili kwa mpigo mmoja kabla hazijaachanishwa. Anayengoja kutoboa baadaye atakesha akilitafuta tundu mkabala.

Wapo wanaoisema vibaya, nami wakili wake sitaficha mashtaka. La kwanza ni kona. Mati haipendi kukunjwa ghafla; hujiinua, hewa ikabaki chini ya gelikoti, na siku ya kubandua kona inabanduka vipande. Najibu kwamba hilo ni kosa la mati. Fundi mwenye subira hujaza kona kwanza kwa rezini iliyokorogwa na nyuzi fupi, na mati hupita juu yake kwa adabu. La pili ni gharama: flenji hutandikwa nene kuliko kalibu yenyewe, na rezini iliyoshushwa Dar es Salaam imesafiri karibu kilomita 1,500, ikavuka Rusumo, kuja kuwa kitu kisichouzwa. Sawa. Mabalozi nao husafirishwa kwa gharama, na sijaona duka linalowauza. La tatu, inawasha. Huo ni uzushi mtupu. Kinachowasha ni vumbi la kioo linaloruka ukiipitishia grainda, na nani alikutuma uipitishie grainda?

Isitoshe, inafundisha uraia. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, asubuhi mpaka kama saa tano, na hadena haijui umuganda. Ukishaikoroga katika rezini una dakika zako chache, kiongozi wa umudugudu akuite au asikuite. Karakana ya jirani yangu imejifunza kupanga.

Lakini sifa yake kubwa kuliko zote ni ya hapahapa kilimani, na pwani hawawezi kuidai. Kuna kazi zinazotaka mfuko wa plastiki utandazwe juu ya kalibu, ubandikwe kwa utepe wa kunata pembeni, hewa ifyonzwe kwa pampu, ili uzito wa anga lenyewe ugandamize nyuzi. Utepe huo unabandikwa wapi? Juu ya flenji. Sasa, Dar es Salaam anga hulalia kila mita ya mraba kwa uzito wa tani 10 hivi. Kigali, mita 1,500 na ushei juu ya bahari, ni kama tani 8.5 tu. Fundi wa Kagugu huanza kazi akiwa amepungukiwa tani moja na nusu ambayo hakuna duka la kuiuza, na flenji yenye mkwaruzo mmoja ikivujisha, hata hicho kidogo kinatoroka. Kwa hiyo hapa inasuguliwa kwa msasa wa maji mpaka unajiona sura. Fundi wa pwani anaweza kuzembea kidogo. Amependelewa na bahari.

Mwaka 1953 Wamarekani walipotoa Chevrolet Corvette, magari 300 tu mwaka ule, bodi ya faibaglasi, yote meupe, watu waliimba mbavu zake na taa zake. Kalibu zake zilishikanaje pembeni? Hakuna aliyeuliza. Mimi ningeuliza.

Juzi mwenye bampa alikuja kulichukua. Alimkuta fundi anakata ule ukingo wa ziada uliotambaa juu ya flenji, kama inavyotakiwa, ili bampa libaki na mdomo safi. Akasimama.

"Fundi, hivyo vipande ni vya nani?"

"Ni vya kutupa, mzee."

"Rezini niliyoilipia mimi ndiyo ya kutupa?"

Akavikusanya vyote, akavifunga kamba, akavitia begani juu ya shati la mikono mifupi, akapanda pikipiki. Kabla hawajafika njia panda alishaanza kujikuna, dereva naye akimuuliza kama ana upele.