Hatufugi Wagonjwa

Dumila, njia panda ya Kilosa, kamati ya usajili ni bodaboda na wauza nyanya. Hoja: mchezaji mkongwe wa mshahara mnono, majeruhi, abaki au aachwe?

Mwaka 2017 Simba walimnyakua kiungo Haruna Niyonzima kutoka Yanga kwa mbwembwe zote. Majeraha yakamlia msimu, akaenda India kutibiwa. Simba wakabeba ubingwa hivyo hivyo. Kufika 2020 yuko tena Yanga, na waliomwita msaliti wanamwita fundi.

"Auzwe! Hatufugi wagonjwa," anafoka bodaboda mmoja, huku akisukuma pikipiki yake iliyogoma kuwaka tangu asubuhi. Kaka, si uiuze na hiyo?

"Hii? Usiione hivi. Mwaka ule ilipanda mlima na gunia tatu za vitunguu!"