Kihispania cha Benchi la Mbele

Kundi letu la maigizo lina vijana wa Masisi na wa Walikale, Wahunde na Wanyanga, na direkta mmoja mwenye mawazo mengi kuliko pesa. Tulikuwa tumekubaliana kuigiza habari za Mwindo, shujaa wa Wanyanga aliyezaliwa akitembea. Mambo yalikuwa shwari mpaka direkta aliposhuka Goma, akawasikia wanajeshi wa Uruguay wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, wakipiga soga, akarudi na amri: maagizo yote ya jukwaani yawe kwa Kihispania. Alikuwa na hoja. Rumba yetu ya Kongo ina damu ya Kuba, na UNESCO iliipa heshima yake mwaka 2021. Sasa sisi tuone haya kwa nini?

Nikateuliwa mwalimu wa lugha, kwa posho, maana nina kamusi ya Kifaransa na Kihispania. Panya walikuwa wameitafuna kuanzia herufi R hadi mwisho. Utasema hasara ndogo. Hebu tafuta maneno ya tamthilia kwa Kifaransa: rideau, rôle, répétition, scène, spectacle, théâtre. Yote yamo tumboni mwa panya! Kwa kamusi ile niliweza kumvika mwigizaji na hata kumpigia makofi, ila sikuwa na mahali pa kumsimamisha.

Ikabidi nipande kilima kusaka mtandao. Huko juu, mkono mmoja hewani na simu, mwingine na kalamu, nikaokota telón, pazia, escenario, jukwaa, ensayo, mazoezi. Telón letu lilikuwa turubai lenye matundu, watoto wakachungulia mchezo wote kabla haujaanza.

Kwenye orodha ya ala niliandika pia: conga, ngoma ndefu ya Kuba. Sasa silaha ya Mwindo ni usinga wa mkia wa nyati, na Wanyanga wanauita conga. Kijana wetu wa vifaa, Mhunde, aliposoma kwamba Mwindo anapunga conga, akaangalia orodha, akaenda parokiani kuazima ngoma.

Siku ikafika. Nilikuwa nimemweleza direkta kwamba waigizaji wa Hispania hutakiana heri kwa kutaja kinyesi, tena kingi. Ati zamani mavi ya farasi mlangoni yalikuwa dalili ya watazamaji wengi. Hilo alilipenda kuliko yote. Nyuma ya turubai, mikro ikiwa wazi, akanguruma: “¡Mucha mierda!”

Neno hilo na la Kifaransa ni ndugu wa tumbo moja, na hapa kwetu aliyekaa darasani miaka miwili tu analijua. Mzee mmoja wa benchi la mbele akasimama na fimbo yake.

“Direkta! Unatutukana kwa mikro?”

“Hapana, mzee wangu. Ni baraka.”

“Baraka ya wapi?”

“Ya Hispania, mzee.”

“Basi uirudishe huko.”

Akatoza jogoo mmoja, papo hapo. Ndipo Mwindo akaingia vitani amekumbatia ngoma. Kila mara hadithi ilipomtaka aipunge, alikunja magoti, akavuta pumzi, na maadui wawili wakamsaidia kuinua. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke alimwimbia, akamchezea na kumwigizia Mbelgiji Daniel Biebuyck karisi, yaani utendi, nzima ya Mwindo kwa siku 12, vijana wakimgongea mdundo. Shujaa wetu alishindwa kufika nusu saa. Alipotakiwa kushuka kuzimu kumtafuta baba yake, alikaa juu ya ngoma akagoma.

Watu wakaanza kuondoka. Yule mzee akapanda jukwaani, akampokonya direkta mikro, akaanza kuimba. Vijana wa zamani walilelewa na santuri za GV, zile za Kuba zilizoanza kutolewa mwaka 1933, na wanamuziki wa Léopoldville waliziiga kwa Kihispania walichojitungia wenyewe. Mzee alikuwa nacho chote. Mhispania asingeambulia hata silabi, lakini kinamama waliitikia kiitikio, motari wakapiga honi, na waliokwisha kufika barabarani wakarudi.

“Anasema nini?” direkta akaninong’oneza.

Nikamwambia maneno hayo yako kwenye herufi R.

Jogoo alilipwa kutoka mapato ya mlangoni, na posho yangu ikaliwa humo humo.