Mheshimiwa Waziri, Tunaomba Kipande cha Pori

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Maliasili na Utalii,
Dodoma.

Yah: Ombi la mwananchi kuwinda swala mmoja kwa kibali, karibu na kwake

Mheshimiwa Waziri,

  Najua meza yako haikosi mafaili, na kila faili lina mtu anayelisubiri. Naomba radhi kwa kuongeza la kwangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkulima wa mahindi na tumbaku kidogo, mkazi wa Sikonge mkoani Tabora. Sijawahi kumwandikia kiongozi wa ngazi yako. Nikiteleza mahali kwa lugha, tafadhali unihesabie uzee, maana dharau sina.

Ndani ya sanduku langu la bati nimehifadhi karatasi ya marehemu baba. Ni kibali cha kuwinda cha mwaka 1983. Imekunjwa mara nne, na mikunjo imeanza kukatika, lakini mhuri bado unasomeka. Kwa wino wa buluu imeandikwa: nsya mmoja, tohe mmoja. Chini ipo saini ya Bwana Nyama, kama tulivyowaita maafisa wanyamapori wakati ule. Baba aliifuata karatasi hiyo Tabora mjini kwa baiskeli ya kuazima, kilomita kama 70 za mchanga, akalala kwa shemeji yake, akarudi siku ya tatu. Alilipa ada akapewa risiti. Risiti nayo ninayo.

Nilifuatana naye porini. Ulikuwa mwisho wa mwezi wa nane. Moto ulikuwa umeshapita na miombo imeanza kutoa yale majani mekundu yanayotangulia mvua. Tulitoka kabla ya jogoo wa pili, tukatembea hadi ukingoni mwa mbuga huku ndorobo wakituuma shingoni, na baba hakuruhusu hata kukohoa. Tohe wa kwanza alikuwa jike. Baba alimtazama kwa muda mrefu, akateremsha shotigani yake, akanionyesha tumbo kwa kidole. Jike yule akapiga mluzi wao ule wa puani, akajiondokea. Dume tulimpata saa nne asubuhi, kwa mlio mmoja. Kabla hajashika kisu, baba alitoa kalamu mfukoni akakata mstari kwenye neno tohe. Mstari huo nauona mpaka leo.

Nyama ile haikuuzwa. Paja moja lilikwenda kwa mwenye baiskeli, kidari kwa mwenyekiti wa kijiji, maini tulikula jioni ile ile, na mama akaipika shingo kwa karanga. Iliyobaki ilikaushwa juu ya moto, ikatusogeza hadi msimu wa kupanda.

Mheshimiwa, sheria naijua kwa kiasi cha mwalimu wa Uraia tu, na kukutajia wewe vifungu ni kama kumfundisha mvuvi kuogelea. Hata hivyo, kwa ruhusa yako, nitataja kimoja. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 kinasema wanyama wote ni mali ya umma, na wamekabidhiwa kwa Rais awe mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema vivyo hivyo kuhusu ardhi. Maana yake tohe yule alikuwa wetu, na mbuga aliyosimama ilikuwa yetu, na Serikali ilikuwa inatutunzia. Niliwafundisha watoto hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Niliamini nilichofundisha, na sijaacha kuamini.

Mwaka juzi nilikwenda katika ofisi moja kuulizia kibali kama cha baba. Nilipokewa vizuri. Afisa alikuwa kijana mpole, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nimelala nayo na kuamka nayo tangu siku ile: "Mzee wangu, shida si kibali. Shida ni wapi utakwenda nacho."

Akanifungulia ramani. Huku hifadhi ya taifa, ambako kuwinda ni mwiko, na iwe hivyo daima. Huku vitalu vya uwindaji wa kitalii. Huku ardhi ambayo vijiji viliitoa kwa hiari kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, nayo ina mwekezaji wake. Huku misitu, huku mashamba. Nikamwuliza kuhusu maeneo ya wazi, yale mapori yasiyo hifadhi wala shamba la mtu, ambayo ndiyo yalikuwa ya wenyeji tangu zamani. Akasema mengine nayo yamekatwa vitalu, na yaliyobaki yameliwa na jembe na mifugo, hata swala hawapiti tena. Mbuga ya tohe wa baba ilikuwa ndani ya mstari wa kitalu. Niliweka kidole juu yake, kijana akanyamaza.

Naomba nieleweke vizuri, Mheshimiwa. Mwenye kitalu simlaumu. Ameingia kwenye mnada kama utaratibu unavyotaka, analipa, anaajiri vijana wetu kuwa wapishi na madereva, na kambi yake inawafukuza majangili kuliko tunavyoweza sisi. Mgeni anayekuja kwa safari ya siku 21 anaacha fedha ambazo mimi nisingeziacha hata nikiuza tumbaku ya miaka yangu yote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika hili walisema kweli tupu. Ninachokuomba ni kwamba huko kupona kwetu kusiishie kwenye hesabu za halmashauri. Kufike na sufuriani, na kufike kwa haki ya mtu kutembea katika pori alilozaliwa kando yake akiwa na karatasi yenye mhuri.

Wala hatukuanza jana kuishi na vibali. Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji mwaka 1896. Waingereza wakatunga ya kwao mwaka 1921. Serikali yetu ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978, wakati majirani zetu wa Kenya walioufunga mwaka 1977 hawajaufungua hadi leo. Uwindaji ulipofunguliwa mwaka 1978, wazee wa kwetu walirudi kupanga foleni kwa Bwana Nyama. Watu wa namna hiyo wanastahili kuaminiwa, nadhani.

Sasa naomba uniruhusu niseme jambo linaloniuma. Nilikuwa na mwanafunzi, kijana mtaratibu, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Alimaliza darasa la saba, akalima, akaoa. Mwaka mmoja mvua ilikata mapema, akaenda porini na nyaya. Walimkamata na mguu wa swala na vipande kadhaa vya nyama kwenye mfuko wa salfeti. Mahakama ilimhukumu miaka 20. Nilikuwepo. Hakimu alisoma sheria kama ilivyoandikwa, hakuonyesha ukatili wowote. Katika hati za tathmini zinazopelekwa kwenye kesi za namna hii, swala pala mmoja amekuwa akihesabiwa kuwa Dola 390 za Marekani. Kijana yule hajawahi kuiona dola kwa macho. Mkewe alihamia kwa wazazi wake, na watoto wawili wakaja kusoma shuleni kwangu kabla sijastaafu.

Simtetei kwa nyaya zake. Nyaya nazichukia. Baba alimwacha jike mwenye mimba kwa sababu alikuwa na macho. Kitanzi cha waya hakina macho, kinakamata jike, ndama, hata chui, na mara nyingi mwenye kukitega harudi, mnyama akaoza peke yake kichakani. Lakini najiuliza, na nakuomba unisaidie kujiuliza: kijana yule angekuwa na njia ya halali, ya bei anayoimudu, katika pori analolifikia kwa miguu, angetega? Labda angetega. Wapo watu wa hivyo. Ila wenzake kumi wangekuwa na sababu ya kumkemea, kwa sababu swala anayekufa kwenye waya wake angekuwa ametolewa kwenye fungu lao.

Hata mataifa tajiri yanasumbuliwa na jambo hili. Katika jimbo la Wyoming, huko Marekani, kwenye nyanda zenye swala wao waitwao pronghorn, ardhi ya umma na ya watu binafsi imepangana kama bao la drafti, kwa sababu karne ya 19 serikali yao iliipa kampuni ya reli kiwanja kimoja na kubakiza kinachofuata, hivyo hivyo maili kwa maili. Ardhi ya umma ipo, lakini kuifikia lazima upite kwa mtu, na wengi hutakiwa kulipa. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walibeba ngazi, wakaisimika penye pembe ambapo viwanja viwili vya umma vinakutana, karibu na mlima uitwao Elk Mountain, wakavuka bila kukanyaga udongo wa tajiri mwenye shamba la jirani. Walishtakiwa kwa jinai wakaachiwa. Wakadaiwa fidia ya mamilioni. Mwezi Machi 2025 mahakama ya rufaa iliyoko Denver iliwapa haki, ikitegemea sheria ya mwaka 1885 inayokataza mtu kuufungia umma njia ya kuifikia ardhi ya umma. Niliposoma habari hiyo niliiwaza ile ngazi usiku kucha. Sisi hatuna mahali pa kuisimika.

Kwa hiyo ombi langu, Mheshimiwa, nalileta kwa mikono miwili. Kabla vitalu havijapelekwa tena kwenye mnada, tafadhali uagize kila wilaya yenye wanyama ibakiziwe kipande cha pori kwa ajili ya wenyeji: pori halisi lenye maji na swala, wala si jangwa lililokataliwa na wawekezaji. Wataalamu wako wahesabu wanyama na waseme wangapi wanaweza kutolewa kwa mwaka, hata wakiwa wachache sana. Sisi tutapiga kura kijijini nani apate mwaka huu na nani asubiri. Iwe nsya, tohe, pongo, swala pala. Tembo, simba na palahala hatuwagusi. Ada ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji, iwe ya kumwezesha mwenye ekari moja ya tumbaku. Na kwa kuwa wengi wetu hatuna bunduki, wala sitaki kila nyumba iwe nayo, askari wanyamapori wa kijiji anaweza kumpiga risasi mnyama kwa niaba ya mwenye kibali, wakatembea pamoja, na mstari ukakatwa kwenye karatasi pale pale.

Utaambiwa tutavusha idadi, na kwamba kibali cha mmoja kitaficha nyama ya kumi. Hofu hiyo ni ya kweli na inahitaji usimamizi. Utaambiwa pia kwamba bucha za nyamapori zimekwisha kuruhusiwa kwa kanuni za mwaka 2020, anayetaka nyama akanunue. Tuliishukuru sana hatua hiyo. Ila bucha ni za walioko mjini wenye fedha ya siku, na mtoto anayekwenda buchani hajifunzi kumtambua jike mwenye mimba kwa mbali.

Kama haya yote hayawezekani kwa nchi nzima, naomba hata wilaya moja ya kujaribia. Isiwe Sikonge ikiwa itaonekana najipendelea.

Mheshimiwa Waziri, ratiba yako ikikuleta Tabora, tafadhali utukumbuke. Nyumba yangu iko kando ya barabara, ina mwembe mkubwa, na asali ya Sikonge haikosekani. Nitaifungua karatasi ya baba taratibu, maana mkunjo wa katikati umebakiwa na nyuzi chache, nikuonyeshe pale alipokata mstari. Neno nsya halikukatwa. Mvua iliwahi mwaka ule, akasema nsya atabaki hadi mwakani.

Nabaki, kwa unyenyekevu mkubwa,

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu,
Sikonge, Tabora.