Heko, Mheshimiwa GH

Washairi wetu wameisifu minazi, wakasifu majahazi na macho ya wapenzi wao. Hakuna aliyekumbuka kumsifu GH wa Waingereza, na hilo ni deni. Nalilipa leo kwa niaba ya kila mwanafunzi aliyewahi kusimamishwa asome neno "though", lenye maana ya ingawa, akalisoma "dhugi" kwa sauti ya kujiamini, na darasa zima likaangua kicheko.

Sifa yake ya kwanza ni unyamavu. Mtazame katika "night", usiku. Katika "light", mwanga. Katika "eight", nane. Katika "daughter", binti. Amekaa katikati ya neno kama mzee mstaafu anayeendelea kuhudhuria vikao vya kamati: hachangii hoja, hainui mkono, lakini jina lake lisipoandikwa kwenye muhtasari, kikao chote kimebatilika.

Wenye husuda huuliza kiti hicho alikipataje. Alikipata kwa jasho. Zamani alikuwa na kazi ya kueleweka. Waingereza wa kale waliandika "niht" na "dohtor", na ile h ilitoka kooni, jirani kabisa na kh ya "Sheikh". Wajerumani wangali wanaitoa wanaposema "Nacht" na "Tochter", na huko Uskoti wapo wanaosema "nicht" hadi leo. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, makarani waliofunzwa uandishi wa Kifaransa walileta mitindo yao, na baada ya muda sauti ile ikazoeleka kuandikwa kwa g na h. Kufikia karne ya 17 Waingereza wengi walikuwa wamekwisha kuiacha vinywani. Kwenye karatasi, hata hivyo, hakuna aliyethubutu kuifuta. William Caxton alikuwa amefungua matbaa yake Westminster tangu mwaka 1476, na wachapaji wakishazoea kupanga herufi kwa namna fulani, kuwabadilisha ni shughuli. Caxton mwenyewe aliishi miaka mingi Flanders, ambako neno kama hilo liliandikwa kwa gh, na wanahistoria wa lugha humhesabia yeye ile h iliyoingia katika "ghost", mzuka, neno ambalo awali liliandikwa bila h na halikupungukiwa na kitu.

Lakini unyamavu si kipaji chake pekee. Mpe o na u zimtangulie, uone maajabu. "Cough", kikohozi, ni "kof". "Enough", ya kutosha, ni "inaf". "Through", kupitia, ni "thru". "Dough", unga uliokandwa, ni "do". "Bough", tawi la mti, ni "bau". "Thorough", kwa ukamilifu, ni "thara". Herufi ni zilezile nne, na kila mlango una sauti yake. Uko mji Uingereza uitwao Loughborough ambao umezibeba hizo nne mara mbili katika jina moja, nao huitwa "Lafbra", kila fungu na matamshi yake. Mgeni anayeuliza njia kwa kusoma kibao na afuate treni tu.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana ndipo ufundi wake ulipokolea. "Laughter" ni kicheko, na husomwa "lafta". Tia s mbele yake, upate "slaughter", machinjo, nayo husomwa "slota". Kati ya kucheka na kuchinjwa pana herufi moja, tena hata vina havilingani! Karani anayetaka kuwakaribisha wateja kwenye jioni ya vicheko, kidole kikiteleza, atakuwa amewaita machinjioni, na kompyuta haitampigia mstari mwekundu kwa kuwa neno ni sahihi. Binti naye, "daughter", ameandikwa kama pacha wa kicheko ila anasikika kama pacha wa machinjo. Mtunzi wa mashairi aliyelelewa kwenye vina na mizani ajaribu hapo, akishindwa arudi nyumbani.

Tena ana mvuto. Neno "delight", furaha, Waingereza walilitoa kwa Wafaransa likiwa halina GH hata punje. Katika karne ya 16 likamwona "light" alivyopendeza na GH wake, nalo likavikwa. Ni nani kati yetu anayekaa bure na bado wageni wakaiga mavazi yake?

Maadui hawakukosekana. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliamuru maandiko ya serikali yatumie tahajia fupi kwa maneno 300, "tho" na "thru" yakiwemo. Bunge likapinga, naye akarudi nyuma. Gazeti la Chicago Tribune lilijaribu ya kwake kuanzia miaka ya 1930, likasalimu amri mwaka 1975. Mwaka 1891 bodi ya Marekani inayosimamia majina ya mahali iliinyang'anya Pittsburgh h yake ya mwisho. Wenyeji wakanung'unika mpaka wakarudishiwa mwaka 1911. Rais ameshindwa, gazeti limeshindwa, bodi imeshindwa. Wewe mwenye kalamu ya wino unataka kumfanya nini?

Wapo pia wanaojifurahisha kuandika "ghoti" na kudai lisomwe "fish", samaki: gh ya "enough", o ya "women", ti ya "nation". Mzaha huo husingiziwa mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw. Barua inayoutaja ni ya mwaka 1855, na Shaw alizaliwa 1856. Mheshimiwa huyu huwapa watu umaarufu hata kabla hawajazaliwa.

Sisi nasi tunaye GH wetu tuliyempokea kutoka Kiarabu, wa lugha, ghafla na ghali. Maskini huyu hana likizo. Kila alipoandikwa anatakiwa kutamkwa. Wengi wa bara humpunguzia mzigo wakasema "gali", na bei haishuki. Heshima ya mwenzake wa London hawezi kuipata, kwa sababu anafanya kazi.

Basi nawasihi Waingereza: akitokea tena mtu wa kuwashauri waandike kama wanavyosema, wamkatalie. Vijana wetu wa kidato cha kwanza wamekwisha kununuliwa kamusi, na ada ya tuisheni ya muhula huu imekwisha kulipwa.