Pilau ya Ndoo Moja

Leo ni Idi nne, na sufuria lingali uani limelowekwa maji tangu Idi mosi, limeinamia upande mmoja kama mtu aliyekataa kusuluhishwa. Na bata wa jirani, ambao sijapata kuwaona wakikataa kitu chochote kilichotupwa mbele yao, yawe maganda ya muhogo au matumbo ya samaki, wameuendea ukoko wangu, wakautazama kwa jicho moja, wakageuza shingo wakautazama kwa jicho la pili, kisha wakaenda zao. Fedheha ya bata ningeweza kuistahimili. Nisiyoiweza, inayonirudia usiku nilalapo chali nikitazama chandarua, ni sauti ya mama mkwe, sauti pole yenye staha zote za wanawake wa zamani, nilipoingia ukumbini na birika la kunawia kuwauliza akina mama kama wametosheka, naye akaniinulia uso wake kutoka katika sinia, akaniuliza: "Mwanangu, humu ndani hamna japo kipande cha mkate?"

Mpishi wa shughuli tuliyezoea kumwita alinitajia ujira ambao, kwa ajili ya sikukuu, ulikuwa umepanda maradufu. Nami badala ya kumbembeleza apunguze, kama afanyavyo mtu mwenye akili, nilitamka mbele ya mashahidi wanne, mmoja wao shemeji yangu, kwamba pilau haina siri, ni mchele na nyama na maji, na kwamba mwaka huu nitaipika mimi. Sikuyasema hayo kwa ghururi tupu. Jumapili nyingi hupika pilau ya kilo moja, ikatoka punje mbalimbali, nyekundu kwa vitunguu, yenye kunukia bizari hata mlango wa pili, na watoto hulamba vidole. Na mtu aliyepata sifa kwa kilo moja huona kwamba baina yake na kilo kumi hapana kizuizi ila fedha.

Msomaji asiyepata kuandaa karamu ya Idi pengine hajui kuwa mwenyeji wake hualika watu asijue atawalisha lini. Mwezi wetu una siku 29 au una siku 30, na haujulikani ni upi katika hiyo miwili mpaka jua lichwe siku ya 29 na watu wainue macho kuitafuta hilali, uzi mwembamba wa nuru ambao huonekana kwa muda mfupi na kulifuata jua. Kwetu Tanga, bahari ikiwa mashariki, jua halizami majini. Linazama bara, upande wa milima ya Usambara, ambako mawingu hupenda kukusanyika jioni pasipo kujali haja za wenye karamu. Basi jioni ile mimi, mwenye kilo kumi za nyama katika jokofu la kuazima, umeme ukienda na kurudi, nilitazama magharibi kwa unyenyekevu ambao nakiri sikuwa nao katika siku 28 zilizotangulia. Tangazo lilipotoka redioni kwamba mwezi umeandama, usiku ulikwisha kuwa mkubwa. Na hata ukiandama, hauandami kwa wote: katika ukoo wetu wapo waufuatao mwezi wa Makka na wapo waungojao wa hapa, na kwa sababu hiyo kaka yangu mkubwa alikuwa amekwisha kula Idi yake jana yake, akafika kwangu na shibe yake kamili, na katika wageni wangu wote ndiye pekee aliyenusurika.

Juu ya soko ningependa kufanya mzaha, lakini mzaha haunijii. Kumi la mwisho la Ramadhani linapoingia, muuzaji yuleyule asimamaye safu ya mbele katika tarawehe, machozi yakimlenga kwa dua, kunapokucha huongeza bei ya nazi, ya viazi, ya vitunguu, na ukimwuliza sababu hukujibu, "Sikukuu, baba," kana kwamba sikukuu imeteremshwa kwa ajili yake peke yake. Wajane wa mtaani kwetu Ngamiani hununua robo ya nyama kwa bei iliyokuwa ya nusu kilo, na mfupa uliomo umepimwa kwa uaminifu mkubwa. Mimi nilikuwa nacho cha kutoa, nikanung'unika nikatoa. Nyuma yangu alisimama mwanamke mmoja na fedha zake amezikunja ndani ya ncha ya leso. Akauliza bei mara mbili, kama mtu anayedhani hakusikia, kisha akaifunga tena ile ncha, akaondoka.

Alfajiri ya Idi mosi, kabla ya kwenda kuswali, nilikaa chini na kalamu, nikafanya tadbiri. Katika karatasi niliandika safu mbili, upande huu pilau yangu ya Jumapili, upande wa pili pilau ya Idi: mchele wa Kyela kilo 1, hapa kilo 10, nyama kilo 1, hapa 10, vitunguu nusu kilo, hapa kilo 5, maji lita 2, hapa lita 20. Nikapiga mstari chini yake. Lita 20 ni ndoo moja kamili, haizidi wala haipungui, na jambo hilo lilinifurahisha mno, nikaona kwamba hata ndoo imenikubalia.

Niliporudi msikitini mafiga yalikuwa yamekwisha washwa, na shangazi yangu yuko kitako juu ya mbuzi akikuna nazi. Nikavaa aproni ya mama watoto. Vitunguu ndivyo vilivyoanza kuniasi: vya nusu kilo huwa hudhurungi katika muda wa kunywa kikombe cha chai, lakini vya kilo tano, vikirundikwa pamoja, hutoa maji yao wenyewe na kuogelea humo, havikaangiki ila vinachemka, na mtu akisimama juu yake na mwiko mrefu kama kasia huku moshi wa kuni mbichi ukimfuata kila ageukiapo, basi hulia machozi ya sababu mbili. Saa nzima na zaidi ilipita. Vilipokubali kubadili rangi nilitia thomu na tangawizi, nikatia nyama, nikatia bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, na kwa muda mfupi, naapa, uani pale palinukia Idi, na shemeji aliyekuwa barazani aliinua pua akanyamaza.

Kisha nikainyanyua ndoo. Shangazi aliacha kukuna. Alinitazama, akaitazama ndoo, akaitazama karatasi niliyoibana kwapani, akafungua kinywa. Halafu akasema, "Haya," akarudi kwenye nazi yake.

Apikaye pilau hungoja dalili moja: maji yakauke mpaka uso wa mchele utoboke vitundu vidogo, mvuke utoke humo, na hapo ndipo moto huondolewa chini na makaa yakawekwa juu ya kifuniko. Mimi niliingoja dalili hiyo kama nilivyoingoja hilali. Saa sita kasorobo maji yalikuwa yangali juu ya mchele. Saa sita na robo hayakuwa maji tena, yalikuwa kitu kizito kilichopumua polepole na kutoa povu moja kubwa, likapasuka, likafuatwa na jingine. Nilishikwa na hofu, nikaanza kuteka kwa upawa na kumwaga, nikimwaga pamoja nayo nusu ya viungo vyangu, na huku nyuma nasikia salamu mlangoni, "Hodi! Idi mubarak!", watu wanaingia kwa kumikumi, kanzu zimepigwa pasi, watoto na viatu vipya. Shangazi akainuka mwenyewe bila kuitwa, akachoma mashimo kwa mpini wa mwiko, akatandika kitambaa, akafunika, akapalia makaa. Alikuwa amechelewa. Uji wa wanga ukiisha kuwa mzito hauzunguki tena ndani ya chombo. Wa chini hubaki chini ukiungua, na wa juu hubaki juu ukingojea joto lisilofika. Kifuniko kilipofunuliwa tulikuta tabaka tatu: chini mkaa, katikati bokoboko, na juu mchele wenye kiini, uliolia baina ya meno ya wazee wasio na meno mengi.

Waliokula barazani, ambao sijui kama yupo hata mmoja wao aliyepata kuosha mchele maishani mwake, waliijadili pilau ile kwa ilimu kubwa. Huyu alisema ni moto. Huyu alisema ni mchele mpya. Shemeji alisema ni mpishi. Na jambo lililonichoma zaidi, ambalo sikumwambia mtu, ni kwamba kwa miaka mingi, kabla hatujazoea kumwita mpishi, mama watoto alipika siku hiyohiyo katika sufuria kama hilohilo, ikatoka pilau ya kusifika, nasi tukala, tukanawa, tukazungumza habari za mpira.

Mengine ya siku ile si kitu. Kachumbari ilitiwa chumvi na watu wawili wasiosemezana. Sharbati ya ukwaju haikutiwa sukari na yeyote. Viti hamsini vya kukodi vilifika vyote salama, Idi pili.

Idi pili hiyo ndipo nilipompata shangazi peke yake, naye anasugua masinia kwa majivu, nikamwuliza alipoiona ile ndoo alitaka kusema nini. "Maji ya wali," akasema, "hayapimwi kwa ndoo. Yanapimwa kwa kidole. Unasawazisha mchele, unasimamisha kidole juu yake, maji yakifika pingili ya kwanza basi." Nikamwuliza, kwa mchele wa kiasi gani? "Wowote." Kwa sufuria la ukubwa gani? "Lolote." Nikamwuliza tena, kwa nini basi hakuniambia.

"Nilikuona umeshika karatasi," akasema.

Hapo usingizi ulinihama, kwani haiwezekani kwa hesabu niliyosomeshwa mimi kipimo kimoja, tena pingili ya kidole cha bibi kizee, kifae kilo moja na kilo kumi. Usiku ule niliingia jikoni na mizani, kopo la kupimia na sufuria mbili, mama watoto akinitazama mlangoni kwa jicho nisilotaka kulieleza, na kabla ya kwisha mshumaa wa pili (umeme ulikuwa umekwenda) nilikuwa nimeiona siri nayo ni nzuri kiasi cha kumsahaulisha mtu aibu yake kwa dakika chache. Mchele wenyewe haunywi maji mengi. Hunywa ujazo kama wake, yaani kilo moja hutosheka na lita moja na robo hivi. Robo tatu ya lita inayobaki katika lita zangu mbili za Jumapili hainywewi na mtu: inaruka mvuke. Na mvuke hautoki katika kina cha sufuria, unatoka mdomoni mwake. Sasa ukipika mara kumi, kinywaji cha mchele huzidi mara kumi kweli, lakini mdomo wa sufuria hauzidi mara kumi. Sufuria lenye umbo lilelile likichukua mara kumi, mdomo wake hupanuka mara mbili na kidogo tu, na uso wa maji hauzidi hata mara tano. Mchele wangu ulihitaji lita kumi na mbili na nusu, mvuke ukachukua kama tatu na nusu, na zile lita nne zilizosalia, zisizonywewa wala kuruka, zilikaa palepale zikangoja wageni. Nami sijahesabu maji ya vitunguu.

Ama kidole, tazama kinavyofanya. Maji yaliyojificha baina ya punje huongezeka kwa kadiri mchele unavyoongezeka, hayo ni ya kunywa. Na ile pingili moja iliyosimama juu ya mchele, iwe katika sufuria jembamba au pana, ndiyo inayobeba sehemu ya mvuke, nayo hukua pamoja na mdomo na haikui zaidi. Kidole kimezitenga hesabu mbili nilizozichanganya mimi, kikaikadiria kila moja peke yake, bila kalamu. Niliamka asubuhi nikamweleza shangazi ugunduzi huu wote, pamoja na mchoro. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekwisha lisugua lile sufuria.

Bado. Nilikuwa nimeshika kipande cha kifuu nikijiandaa kulianza leo asubuhi, mlango ukabishwa hodi, akaingia mjukuu mmoja wa mama mkwe amebeba hotipoti yangu. Siku ile ya Idi, kwa kuwa desturi haimwachi mkubwa aondoke mikono mitupu, nilikuwa nimeijaza pilau ya tabaka la katikati nikamkabidhi kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa mikono miwili na kunishukuru sana. Sasa imerudi imeoshwa, inang'aa. Na kwa vile chombo cha watu hakirudishwi kitupu, niliifungua. Ndani, limefungwa katika kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, mlikuwa na boflo zima, lingali vuguvugu.

Tumelila na chai.